Siku saba nyuma ya Oriflamme: kutoka Saint-Denis hadi Nouaillé

Siku ya kwanza: Paris hadi Saint-Denis

Metro namba 13, kituo cha Basilique de Saint-Denis. Ukitoka nje ni mwendo wa dakika chache tu mpaka kwenye kanisa lenye mnara mmoja. Ule wa kaskazini ulishushwa miaka ya 1840. Sehemu ya mbele huingiwa bure, lakini upande wa makaburi ya wafalme ni kwa tiketi. Usibane matumizi hapa, kwa sababu Oriflamme, bendera nyekundu ya vita tunayoifuata safari hii, iko upande huo wa tiketi. Kitambaa kinachoning'inia leo ni nakala, lakini mahali ni penyewe: karibu na madhabahu ambayo wafalme wa Ufaransa waliichukulia Oriflamme kabla ya kwenda vitani.

Jambo ambalo wageni wengi hulikosea ni hili: Oriflamme haikuwa bendera ya mfalme. Ilikuwa mali ya abasia. Watawa hawapigani, kwa hiyo abasia ya Mtakatifu Dionisi (ndiye Saint-Denis kwa Kifaransa) ilikuwa na mlinzi wake wa kidunia, kabaila wa Vexin, aliyeshika ardhi kwa dhamana ya watawa na kubeba bendera yao panapotokea vita. Mwaka 1077 Vexin ikaingia mikononi mwa mfalme, na wajibu ukaja pamoja na ardhi. Mwaka 1124 Kaisari wa Wajerumani, Heinrich V, alipotishia kuishambulia Reims, Louis VI alikuja hapa akaichukua bendera juu ya madhabahu, akakiri hadharani kwamba anaichukua kama mshika ardhi wa abasia. Abati Suger ndiye aliyeandika tukio hilo, na alikuwa na kila sababu ya kulikuza. Majeshi yakajaa, Heinrich akageuza farasi bila kupigana. Tangu hapo kitambaa cha maandamano ya kanisani kikawa chombo cha vita.

Sasa vipimo na sehemu zake. Guillaume le Breton, padre wa mfalme Philippe Auguste, anaieleza kama hariri nyekundu tupu, isiyo na mchoro, inayofanana na bendera za litania kanisani. Hesabu ya hazina ya abasia ya mwaka 1534 inataja hariri nene, iliyopasuliwa katikati, iliyochakaa sana, imeviringishwa kwenye mti uliofunikwa shaba ya dhahabu, na ncha ya chuma ndefu kiasi. Michoro mingine huipa mikia miwili, mingine mitatu au mitano, na mara nyingi vishada vya kijani pembeni. Hitilafu hizi zina sababu nyepesi: hariri huchanika, hupotea, hushonwa upya, na kila mshonaji ana mkono wake. Lakini ukioneshwa Oriflamme yenye mayungiyungi ya dhahabu juu ya buluu, aliyekuonesha amechanganya mambo. Hiyo ndiyo bendera ya Ufaransa, ya mfalme mwenyewe, na zote mbili zilikwenda vitani pamoja. Jina lenyewe latokana na Kilatini, mwali wa dhahabu.

Utaratibu wa kuichukua ulikuwa hivi. Mfalme anakuja kichwa wazi. Masalia ya Dionisi na wenzake Rustiko na Eleuteri yanatolewa. Misa inasomwa, bendera inabarikiwa, abati anamkabidhi mfalme, mfalme anamkabidhi mshika bendera. Huyo amekwisha kupokea komunyo, na anaapa kuilinda hata kufa. Kisha haifungwi kwenye mkuki papo hapo. Anaivaa shingoni, imekunjwa, na ataitembeza hivyo siku nyingi. Huifunga kwenye mkuki adui akishaonekana. Kufanya hivyo kulihifadhi hariri isiharibiwe na mvua na miiba ya njiani, na kulikuwa na sababu nzito zaidi: kuikunjua ni kutoa amri. Amri gani, tutaifikia Crécy.

Siku ya pili: Lille na Bouvines

Treni ya kasi kutoka Gare du Nord inafika Lille kwa muda wa saa moja. Hapo kodi gari, maana siku nne zijazo ni vijiji na mashamba ya viazi sukari na ngano. Bouvines iko umbali wa kilomita 12 hivi kusini-mashariki.

Simama kwanza darajani. Mto Marque leo ni kijito ambacho mtu angeweza kukidharau, lakini Julai 1214 kingo zake zilikuwa kinamasi, na daraja hili lilikuwa mlango pekee wa jeshi lenye mizigo. Philippe Auguste alikuwa Tournai. Adui zake, yaani Kaisari Otto IV, Ferrand wa Flanders, Renaud wa Boulogne na Waingereza chini ya William Longespée, walikuwa Mortagne, kusini yake. Jumapili tarehe 27 mfalme akaamua kurudi Lille. Alikuwa na wapiganaji wa farasi wapatao 1,200 hadi 1,300, pamoja na askari wa miguu wa miji.

Kosa la siku lilikuwa la mpangilio wa safari. Askari wa miji ndio waliovuka kwanza, na Oriflamme ilikuwa pamoja nao. Mfalme alikuwa bado upande wa mashariki, amevua silaha, amekaa kivulini chini ya mti, akiamini kwamba Wakristo hawatapigana Jumapili. Habari ilipokuja kwamba Otto amekifikia kikosi cha nyuma, bendera iliyopaswa kutangulia bendera zote ilikuwa ng'ambo ya mto, kwenye foleni ya kwenda kulala.

Guérin, askofu mteule wa Senlis, ndiye aliyepanga safu. Alizitandaza ziwe nyembamba na ndefu, zisizungukwe, akamwambia kila mmoja asijifanyie ngao mtu aliye mbele yake. Bendera ya mfalme, ile ya mayungiyungi, ilishikwa na Galon de Montigny, mpiganaji hodari asiye tajiri. Ndipo askari wa Corbie, Amiens, Beauvais, Compiègne na Arras waliporudi mbio na Oriflamme, wakapenya katikati ya wapanda farasi na kujipanga mbele ya mfalme. Mahali palikuwa sahihi kwa heshima, lakini kwa vita palikuwa pabaya. Wajerumani wa Otto waliwasukuma watu hao wa miguu waliochoka, na mwanya ukafunguka hadi kwa mfalme. Kulabu za mikuki zikamvuta Philippe chini ya farasi. Dirii yake ilimwokoa, pamoja na Galon, aliyeishusha na kuiinua bendera mara kwa mara kuomba msaada. Katika vumbi na kelele, mtu anayeinua na kushusha kitambaa ndiye simu pekee iliyopo.

Upande wa pili Otto alikuwa ameweka joka na tai juu ya mti mrefu, mti juu ya gari. Linaonekana mbali, kweli, lakini gari halikimbii. Otto alitoroka kwa farasi, gari likabaki. Tai aliyevunjika mbawa alitengenezwa na kupelekwa kwa Frederick II, mshindani wa Otto, na kila mtu Ujerumani alielewa ujumbe. Wapiganaji wa farasi wapatao 130 walitekwa. Ferrand alikaa gerezani Louvre hadi 1227.

Kanisa la Saint-Pierre la kijijini, lililojengwa karne ya 19, lina madirisha 21 ya vioo vya rangi yanayosimulia vita hatua kwa hatua. Tazama asubuhi. Ni kazi ya wazalendo wa enzi yao, kwa hiyo nguo na silaha zisichukuliwe kama ushahidi wa 1214.

Siku ya tatu: Mons-en-Pévèle

Chini ya kilomita 15 kutoka Bouvines kwa mstari ulionyooka. Kilima kina urefu wa mita mia moja hivi juu ya bahari, na katika nchi tambarare kama hii hicho ni kilima kikubwa. Panda hadi mahali panapoitwa Pas Roland uone mteremko.

Miaka miwili nyuma, Julai 1302, wapanda farasi wa Ufaransa walikuwa wamechinjwa Kortrijk na mafundi wa nguo wa Flanders. Oriflamme haikuwepo, kwa sababu mfalme hakuwepo. Philippe IV alikuja mwenyewe Agosti 1304, na bendera ikaja ikiwa mikononi mwa Anseau de Chevreuse.

Tarehe 18 Agosti ilikuwa siku ya jua kali. Waflanders walipanga magari yao ya mizigo nyuma ya safu kama ukuta, wakasimama na mikuki na rungu zenye mwiba wa chuma. Wafaransa hawakurudia upumbavu wa Kortrijk, waliwachosha tu. Wakasogea, wakarudi, wakazungumzia amani, wakasogea tena. Tatizo ni kwamba jua halichagui upande. Koti la pete za chuma lina kilo 12 hadi 15, chini yake kuna nguo nene ya pamba au manyoya ya kuzuia pigo, juu yake kofia ya chuma iliyofunika uso. Askari wa kawaida anaweza kufungua kofia, akaenda nyuma kunywa maji, akapokezana na mwenzake. Mshika Oriflamme hawezi. Akiondoka, wanaomtazama wanadhani vita vimeshindwa. Anseau alikufa kwa joto na kiu ndani ya chuma chake, bila ya kuhitaji pigo la adui.

Jioni, Wafaransa wengi wakiwa wamevua silaha, Waflanders waliteremka ghafla mpaka kambini. Philippe mwenyewe aliponea chupuchupu na farasi wake akauawa. Bendera ikachanika, Waflanders walijigamba kwamba wanayo. Hata hivyo mfalme hakukimbia, na usiku ulipoingia uwanja ulikuwa wake. Kwa jicho la fundi wa vita, siku hii ni muhimu kuliko Bouvines: inaonesha kwamba watu walijikusanya kwa mfalme aliyesimama, kitambaa kikiwa kimeanguka.

Siku ya nne: Cassel

Mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari kwenda kaskazini-magharibi. Cassel iko mita 176 juu ya bahari, na hewa ikiwa safi unaona nchi yote chini. Mji umeshuhudia vita vitatu vikubwa, 1071, 1328 na 1677. Huu wetu ni wa kati.

Philippe VI alikuwa ametawazwa Mei 1328, binamu aliyerithi kwa kukosekana mwana. Waasi wa Flanders chini ya Nicolaas Zannekin walikuwa huku juu, na walichora jogoo kwenye kitambaa, wakaandika kwamba jogoo huyo akiwika ndipo mfalme wa kuokotwa ataingia mjini. Tarehe 23 Agosti, alasiri ya joto, walifanya kama wenzao wa Mons-en-Pévèle: wakateremka kimya kwa makundi matatu, Wafaransa wakiwa wamelegea kambini. Mfalme alivalishwa silaha mbiombio. Oriflamme ilikuwa kwa Miles de Noyers, mtu mzima aliyezoea vita, na watu wakapata pa kujikusanyia. Zannekin aliuawa pamoja na wengi wa watu wake.

Hakuna zaidi ya hapo. Kuleni, kuna baa nzuri kwenye uwanja wa mji, na njia ya kesho ni ndefu.

Siku ya tano: Azincourt

Kilomita hamsini hivi kusini. Beba gambuti hata kama jua linawaka, kwa sababu udongo huu wa tope zito hunata viatuni kama ugali uliokosa moto. Kijijini kuna jumba la makumbusho. Baada ya hapo nenda shambani, usimame kati ya msitu wa Azincourt na ule wa Tramecourt. Uwazi uliokuwepo kati ya misitu hiyo mwaka 1415 ulikuwa chini ya kilomita moja, na ulizidi kubana kadiri unavyowasogelea Waingereza. Mwenye safu pana akiingia kwenye mdomo wa chupa, watu wa pembeni husukumwa katikati, na wa katikati hawapati nafasi ya kuinua mkono.

Charles VI aliipokea Oriflamme Saint-Denis tarehe 10 Septemba. Tarehe 25 Oktoba, vita vilipopiganwa, mfalme alikuwa amebaki Rouen kwa sababu ya maradhi ya akili, na hakukuwa na mtu mmoja ambaye makabaila wote walikuwa tayari kumtii. Kila mwenye bendera alitaka yake iwe kikosi cha mbele. Bendera zilizosongamana namna hiyo huzibana macho na mikono, tena hazimwambii askari aende wapi. Ardhi ilikuwa imelimwa na kulowa mvua ya usiku. Watu wenye kilo 25 hadi 30 za bamba za chuma walitembea shamba zima wakizama, wameinamisha vichwa kukwepa mishale isiingie kwenye matundu ya macho. Waliofika walifika bila pumzi. Guillaume Martel, bwana wa Bacqueville, aliyekula kiapo cha bendera, ni miongoni mwa waliokufa hapa.

Siku ya sita: Crécy

Kama kilomita 30 tu kusini-magharibi, kwa hiyo kuna muda wa kutosha. Anzeni kwenye mnara wa mbao uliojengwa mahali pa kinu cha upepo, ambapo Edward III aliuangalia uwanja.

Edward alishuka pwani Saint-Vaast-la-Hougue tarehe 12 Julai 1346, akachoma nchi hadi karibu na Paris, akavuka Seine Poissy na Somme kwenye kivuko cha Blanchetaque tarehe 24 Agosti. Jumamosi tarehe 26 alikuwa juu ya mteremko huu, watu wake wamekula, wameketi chini na pinde zao. Philippe VI alitoka Abbeville asubuhi, kilomita ishirini hivi. Wapelelezi wakamshauri alale, apigane kesho. Alikubali. Amri ikatolewa: waliotangulia wakasimama, waliokuwa nyuma wakaendelea mpaka wawe mbele, na wa mbele hawakukubali kupitwa. Jeshi zima likasukumana hadi mbele ya adui, jua likielekea kuzama.

Wapiga pinde za mtambo kutoka Genoa walipelekwa kwanza. Wengi husimulia kwamba mvua ililowesha nyuzi zao. Inawezekana, lakini lililowaua zaidi ni ngao. Mtu wa upinde wa mtambo hufanya kazi nyuma ya ngao kubwa inayosimamishwa chini; huinama, huvuta uzi, huweka mshale, hufyatua, mara mbili hivi kwa dakika. Bila ngao, muda wote wa kuvuta uzi yu uchi. Na ngao zilikuwa kwenye magari ya mizigo, nyuma kabisa. Walipoanza kurudi, wapanda farasi wa Alençon waliwakanyaga.

Na bendera? Miles de Noyers, yuleyule wa Cassel, alikuwa nayo. Mwandishi wa Kiingereza Geoffrey le Baker anaeleza maana yake: ikikunjuliwa, hakuna kuchukua mateka, na anayekiuka atauawa yeye mwenyewe. Edward naye akainua bendera ya joka kujibu. Amri ya namna hiyo hufunga mikono pande zote. Vita vya makabaila viliendeshwa na matumaini ya kikomboleo: ukimkamata bwana, ukoo wake utalipa. Ukiondoa tumaini hilo, mtu hana sababu ya kuacha kupiga, wala aliyeanguka hana sababu ya kujisalimisha. Philippe aliikunjua bila kuwa na nafasi ya ushindi, kwa jeshi lililochoka na kuchanganyikana. Alijeruhiwa kwa mshale, akakimbilia Labroye usiku kisha Amiens. Miles alitoka hai, akafa 1350.

Asubuhi yake wapiga mbiu walipita uwanjani kuhesabu wafu kwa kusoma nembo zao. Froissart, mwandishi wa tarehe za vita hivi, ameandika bendera 80, wakuu 11 na wapiganaji wa farasi 1,200. Idadi yake ya watu wa kawaida, zaidi ya 30,000, haiaminiki. Angalia lakini anavyohesabu: bendera kabla ya wapiganaji. Mwenye bendera ya mraba ni kamanda anayeleta watu wake. Mpiganaji wa kawaida ana kibendera chenye mkia, na akipandishwa cheo mkia hukatwa kikabaki cha mraba, kazi ya kisu kimoja. Amri ya mfalme Jean II ya mwaka 1351 inaonesha tofauti kwa fedha: mwenye bendera sous 40 kwa siku, mpiganaji wa farasi 20, skwaya, yaani msaidizi wa mpiganaji, 10. Amri hiyohiyo ilikusanya wapanda farasi katika vikosi vya angalau 25, wasizunguke wawiliwawili kila mtu na bwana wake. Hilo ni somo la Crécy, lililochelewa miaka mitano.

Siku ya saba: Poitiers na Nouaillé-Maupertuis

Rudisheni gari, pandeni treni hadi Paris, na kutoka Montparnasse ni saa moja na dakika kadhaa hadi Poitiers. Nouaillé-Maupertuis iko kilomita kama kumi kusini-mashariki. Kuna abasia yenye handaki la maji, na kivuko cha Gué de l'Homme kwenye mto Miosson.

Geoffroi de Charny alikabidhiwa Oriflamme mara ya pili Juni 1355. Ndiye pia mmiliki wa kwanza anayejulikana wa sanda ambayo leo iko Turin, lakini hayo ni ya safari nyingine. Tarehe 19 Septemba 1356 alisimama kando ya Jean II. Wafaransa walikuwa wamejifunza kushuka kwenye farasi: walivua spua, vile vyuma vya visiginoni vya kumchochea farasi, wakafupisha mikuki iwe ya futi tano. Walichosahau ni kwamba kutembea mteremko mzima kwa miguu kunachosha, na vichaka vya miti vilikuwa vimebana njia. Kikosi cha mwanamfalme Charles kilipigana kikarudi. Kikosi cha Orléans kikaondoka bila kupiga pigo. Mfalme akaja wa mwisho na kikosi kikubwa kuliko vyote.

Hapo ndipo bendera nyingine ilipofanya kazi. Captal de Buch, bwana wa Gascony aliyepigana upande wa Waingereza, alizunguka kilima kwa siri akiwa na wapanda farasi 60 na wapiga pinde 100. Alipofika nyuma ya Wafaransa akainua msalaba wa Mtakatifu George, alama kwa Mwanamfalme Mweusi, mwana wa Edward III na kamanda wa Waingereza, kwamba sasa sukuma kutoka mbele. Watu 160 wangeweza kupuuzwa. Bendera isiyotarajiwa nyuma ya mgongo haipuuziki. Jean alitekwa, akajisalimisha kwa Denis de Morbecque, na bei yake ikawa écu milioni tatu za dhahabu. Charny aliuawa akiwa na Oriflamme mkononi.

Mwaka 1370 mwili wake ulihamishwa Paris, kanisa la Wacelestini, kwa gharama ya mfalme. Bendera ilikuwa tayari kwa Arnoul d'Audrehem, mzee wa miaka sitini na kitu aliyeacha cheo cha umarshali ili aibebe. Yeye pia alikuwa hapa Nouaillé siku ile, katika shambulio la kwanza la farasi. Alitekwa asubuhi, kabla Charny hajaanguka.